Kabla Hujapakua Data ya Mlima, Panda Basi la Morogoro

Kila mwaka wanafunzi wangu wakifika kwenye kuchagua mada ya tasnifu, nusu ya darasa inataka Kilimanjaro. Nawaelewa. Mlima wa mita 5,895 wenye barafu kileleni una jina. Lakini sisi tuko Dar, nauli ya Moshi wanaijua, na barafu ile imekwisha kuandikwa sana. Basi huwauliza: leo asubuhi umeoga maji ya mlima gani? Wanacheka. Maji mengi ya bomba jijini hutoka Mto Ruvu, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, huko Morogoro. Mwaka 2022 vuli ilipochelewa mto ukapungua, mji ukaingia kwenye mgao, na ndoo zikapanga foleni. Mada hiyo hapo, saa chache tu kwa basi.

Nayasema haya kwa sababu yamenigharimu. Nilipokuwa naandika tasnifu yangu nilipata data ya mvua ya kituo kimoja cha milimani, nikaichora nikiwa chumbani, feni ikizunguka. Masika ya mwaka mmoja ikatoka kavu ajabu: Machi hadi Mei, sifuri tupu. Nikaandika kurasa nane kuueleza ukame huo, joto la Bahari ya Hindi, kuchelewa kwa kusi, sikubakisha kitu. Msimamizi alizisoma, akaniambia neno moja tu: nenda.

Huko nikamkuta mzee aliyekuwa akisoma kipimamvua. Nikamwonyesha jedwali. "Mwanangu," akasema, "miezi hiyo nilikuwa nimelazwa. Nani angesoma?" Daftari lake lilikuwa wazi kurasa hizo, aliyeingiza data kwenye kompyuta ndiye aliyejaza sifuri. Sifuri ni kusema mvua haikunyesha. Nafasi wazi ni kusema hatujui. Kurasa zangu nane zilikwenda na maji, tena maji ya masika iliyonyesha vizuri tu. Siku hizi nikiona sifuri zimefuatana katika Aprili, kwanza natafuta daftari.

Kuna na jambo la saa, linalowakwamisha hata wazoefu. Kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi, na kilichomo huhesabiwa kuwa mvua ya saa 24 zilizopita. Siku ya saa za kimataifa, inayotumika katika data nyingi za setelaiti, huanza kwetu saa 9 usiku. Mvua ya alfajiri ikiangukia katikati, utaona "setelaiti imekosea" kumbe ni kalenda mbili zinazopishana. Linganisha kwa jumla za siku tano au kumi kabla hujamlaumu mtu.

Na setelaiti nayo ina udhaifu wake milimani. Data ya CHIRPS, makadirio ya mvua ambayo ni bure na yanaanzia 1981, hutegemea sana ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha husahihishwa kwa vituo vya ardhini. Sasa fikiria Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru. Upepo wa baharini unaukuta mlima, unapanda, unapoa, mvuke unageuka wingu, mvua inashuka. Wingu hilo laweza kuwa fupi, kilele chake hakijawa baridi vya kutosha, na setelaiti ikalipita kama halina kitu huku migomba ikilowa. Ukivuka upande wa Mlali, magharibi, uko kwenye kivuli cha mvua: upepo umeshamwaga maji yake upande wa pili. ERA5, data ya hali ya hewa inayokokotolewa kwa kompyuta kutokana na vipimo, yenye miraba ya kilomita 31 hivi, inausawazisha mlima huo mwembamba uwe kama kichuguu, na tofauti ya pande mbili inafifia. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuvuka hawezi kujua kilichopotea.

Kwa mnaofundisha: acheni kuanza na ubao. Niliwahi kuwapa wanafunzi vipimajoto vya bei ndogo tukapanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kupanda kama mita 1,000. Kitabuni joto hushuka nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mchana walipata karibu na hapo. Alfajiri ya pili walikuta bondeni baridi kuliko kwenye mteremko juu yake, wakadhani vipimajoto vibovu, wakabishana mpaka chai ikapoa. Hewa baridi ni nzito. Usiku hutiririka chini na kujikusanya bondeni. Sikuwaambia mpaka walipochora wenyewe. Katika mtihani swali hilo hakuna aliyelikosa, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

Barua ya kuomba data kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa iandike mapema, na utaje kituo, miaka na vipimo unavyotaka. Nunua daftari la jalada gumu. Ukienda Kinole chukua koti hata kama jua linawaka Msamvu, stendi ya Morogoro. Mimi mara ya kwanza niliona ni mzigo, nikarudi stendi nimelowa chapachapa, konda akaninyima kiti cha mbele.