Wateja 60, kila mmoja na majedwali yake 12? Simama hapo hapo

Mkuu, usiendeshe hiyo skripti ya kumuundia kila mteja majedwali yake. Wateja 60 mara majedwali 12 ni majedwali 720 kwenye klasta (kundi la seva) moja ya Cassandra, hifadhidata inayogawa data kwa seva nyingi, halafu unauliza nodi (seva) 3 zitatosha au uweke 6. Weka hata 30. Nodi mpya inagawana data na wenzake, lakini majedwali inayabeba yote 720.

Kila jedwali, hata tupu, linakula takribani MB 1 ya memori ya JVM (mashine ya Java inayoiendesha Cassandra) kwenye kila nodi. MB 720 zimekwenda kabla hujapokea oda moja! Na indeksi ya kawaida ndani yake ni jedwali jingine lililofichwa. Ukiweka indeksi 2 kwa kila jedwali umefika 2,160. Memori ikibana, data inamwagwa diskini vipande vidogo vidogo, kompaksheni (kazi ya kuviunganisha vipande hivyo) inaelemewa, nodi inaganda ikisafisha memori, wenzake wanaihesabu imekufa.

Kinachoumiza kuliko vyote ni kuunda majedwali mteja anapojisajili. Amri ikichelewa, skripti inarudia kupitia nodi nyingine. `IF NOT EXISTS` ("unda kama halipo") haikukingi: nodi mbili zinaweza kuliundia jedwali lile lile vitambulisho viwili, diskini unakuta folda mbili zenye jina moja, na oda zilizoandikwa kwenye folda iliyoshindwa hazionekani tena. Endesha `nodetool describecluster` (nodetool ni chombo cha amri cha Cassandra): ukiona matoleo mawili ya skima, yaani ramani ya majedwali, usiguse kitu.

Mshauri aliyetuambia "kila mteja kispesi chake, ndiyo usalama" (kispesi ni keyspace, kundi la majedwali) alilipwa, akaondoka. Usalama gani? Mzigo unahesabiwa kwa klasta nzima, ugawe kwa kispesi 1 au 60. Toleo la 4.0 la Cassandra lenyewe linaonya ukipita majedwali 150. Kwenye 4.1 onyo hilo limezimwa, liwashe mwenyewe: `tables_warn_threshold: 150`, `tables_fail_threshold: 200`.

Jedwali ni la aina ya data, si la mteja. Baki na 12, mteja awe sehemu ya ufunguo wa jedwali. Mfano, la oda:

`PRIMARY KEY ((mteja_id, mwezi), muda, oda_id)`

Huo `mwezi` usiuache. Bila huo, mteja mkubwa anavimbisha patisheni (fungu la data linalokaa pamoja) moja. Ishikilie chini ya MB 100, ipime kwa `nodetool tablehistograms`.

Majedwali uliyokwisha kuyaunda, hamisha data yake, kisha yafute moja moja, ukingoja skima irudi toleo moja kila mara. Diski haitapungua papo hapo, maana kila `DROP` inaacha nakala. Ukiridhika na data uliyohamisha, ndipo `nodetool clearsnapshot -t` na jina la nakala hiyo.