Unayeanza kutafiti uhandisi wa tabianchi, dai nafasi swali linapotungwa

Wewe unayejiunga na timu ya utafiti wa uhandisi wa tabianchi hapa Arusha, yaani kuingilia tabianchi ya dunia kwa makusudi ili kupunguza joto, ama kwa kuzuia sehemu ya mwanga wa jua ama kwa kuondoa hewa ya ukaa, wiki za mwanzo utazama kwenye modeli za kompyuta. Zijifunze vizuri. Ila usikubali watu wa modeli watunge swali peke yao, kisha wenzao wa sheria, kilimo na sosholojia waitwe mwishoni kuandika sura ya "athari kwa jamii". Utafiti wa taaluma mtambuka huharibikia hapo.

Mlima Pinatubo ulipolipuka Ufilipino mwaka 1991, salfa yake ilifika stratosfia, tabaka la angahewa lililo juu ya mawingu ya kawaida, na dunia ikapoa kwa takribani nyuzijoto 0.5. Ndiyo mfano wa asili unaotajwa sana kuhusu wazo la kunyunyizia salfa huko juu ili sehemu ya mwanga wa jua isitufikie. Mwanafizikia atauliza joto la dunia litashuka kiasi gani. Mkulima wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, anataka kujua kama masika yatawahi, na kama mfongo, mfereji wa jadi wa umwagiliaji, utakuwa na maji Septemba. Mwanasayansi wa angahewa Jim Haywood na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba salfa ikiwekwa kaskazini mwa dunia pekee, mvua za Saheli, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, hupungua. Ikiwekwa kusini pekee, huongezeka. Sasa nani achague upande? Mwanasheria anapaswa kuwepo tangu hapo.

Kuna jambo la vipimo ambalo wageni wengi hawaambiwi mapema. Modeli nyingi za dunia huigawa ardhi katika miraba yenye upana wa kilomita 100 hivi. Moshi mjini, mashamba ya kahawa, msitu na kilele cha mita 5,895 vyote huangukia mraba mmoja au miwili, na Kilimanjaro hubaki mwinuko mdogo tu. Ramani ya rangi nzuri isikushawishi kusema lolote kuhusu mvua ya Marangu. Tafuta kwanza takwimu za vituo vya mvua, kisha nenda Bodi ya Maji Bonde la Pangani pale Moshi ukaulize kuhusu mito. Upande wa kuondoa hewa ya ukaa una hesabu zake tofauti. Usiuchanganye na huu wa kupunguza mwanga wa jua.

Watu nao wasikilizwe mapema. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Harvard kilipanga kurusha puto Kiruna, Sweden, kujaribu vifaa tu, bila kumwaga chembe yoyote. Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Skandinavia, walipinga, wakisema hawakushauriwa, na jaribio likasitishwa. Mwaka 2023 mawaziri wa mazingira wa Afrika nao walitaka pawe na makubaliano ya kimataifa ya kutotumia teknolojia ya kupunguza mwanga wa jua. Kwa hiyo ukifika kijijini, sema wazi kwamba unachunguza na hupigii debe. Na kabla ya kumuuliza mtu kama anakubali au anakataa, mweleze kwamba salfa hiyo hudumu mwaka mmoja au miwili tu, na kwamba ikikatizwa ghafla huku hewa ya ukaa imezidi kujaa, joto lililozuiwa litarudi lote kwa kasi.