Mkojo hunitoka nikikohoa: je, ndivyo uzazi ulivyo?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nilijifungua mtoto wa pili miezi minane iliyopita, na tangu hapo mkojo hunitoka kidogo nikikohoa, nikicheka au nikiinua mtungi wa maji. Nauza mitumba Gikomba, kwa hivyo asubuhi sinywi chochote kabla ya kupanda matatu. Mama mkwe anasema ndivyo uzazi ulivyo, nizoee. Mume wangu sijamwambia. Nifanyeje?
Mama Wawili, Kayole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama mkwe wako anasema kweli kwamba jambo hili huwapata wanawake wengi waliozaa, lakini hapo pa kuzoea sikubaliani naye hata kidogo, kwa sababu lina tiba.

Chini ya kibofu, kizazi na utumbo mpana kuna misuli ya sakafu ya nyonga, iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, ambayo huvibeba viungo hivyo na kusaidia kuibana njia ya mkojo. Ujauzito huilemea kwa miezi, kisha mtoto anapopita huivuta mno. Ikishalegea, kila tumbo linaposukuma, iwe ni kwa kikohozi au kwa mtungi wa lita 20, huzidiwa. Misuli hiyo huweza kurudishiwa nguvu kwa mazoezi, na daktari Mmarekani Arnold Kegel aliandika kuyahusu tangu mwaka wa 1948.

Kwanza uitambue. Lala chali au uketi, kisha jibane kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, nawe utahisi kitu kikivutwa ndani na kupanda juu. Usikaze matako wala mapaja, wala usizuie pumzi, kwani wengi hukaza hivyo vyote huku misuli inayohusika ikibaki vilevile. Ukishaipata, ibane kwa sekunde 3 au 4, iachilie kabisa kwa muda uleule, urudie mara 8 hadi 12, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku, ukiongeza taratibu hadi ufikie sekunde 10. Huko kuachilia ni sehemu ya zoezi, usikuruke. Usizoee kufanya haya ukiwa unakojoa, maana kibofu huenda kisiishe mkojo wote. Yafanye hata ndani ya matatu iliyokwama Barabara ya Jogoo, wala aliyeketi kando yako hatajua. Yape angalau miezi 3. Wakati huohuo, jizoeze kuibana misuli hiyo kabla tu ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua mzigo.

Linalonisikitisha zaidi katika barua yako ni hilo la kujinyima maji, hasa ikiwa bado unanyonyesha. Mkojo mzito hukiwasha kibofu na kukufanya utake kwenda haja mara kwa mara, na kukosa maji huleta choo kigumu, ambacho ukikisukuma kwa nguvu unazidi kuilegeza misuli ileile unayotaka kuiimarisha. Kunywa maji, mwanangu, na upunguze chai na kahawa.

Hata hivyo, ukihisi uvimbe unashuka ukeni, ukiona damu kwenye mkojo, ukiumia unapokojoa, au mkojo ukikutoka mfululizo usiku na mchana, nenda hospitali bila kungoja. Hilo la mwisho huenda likawa fistula, yaani tundu linaloweza kutokea mama anapokaa na uchungu wa kuzaa kwa muda mrefu mno, na kwa kawaida huhitaji upasuaji. Na usipoona tofauti baada ya miezi 3, omba kuelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kama wale wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, akuangalie kama unaibana misuli inayofaa.

Mume wako mwambie. Mtungi wa maji na furushi la mitumba anaweza kukuinulia katika miezi hii, lakini hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua.