Karatasi ya kusameheana haifuti fidia

SWALI: Nina karakana ya useremala hapa Ng'ambo, Manispaa ya Tabora, yenye vijana wanne. Mwezi uliopita mmoja wao alikatwa vidole viwili na msumeno wa umeme alipokuwa akipasua mbao za mninga. Gharama za hospitali nimezilipa mwenyewe. Wazee wa pande zote mbili wamekaa, na tumekubaliana nimpe shilingi 500,000, naye atie sahihi kwamba hanidai tena. Hana mkataba wa maandishi na sijawahi kujisajili popote. Je, jambo hili limekwisha?
Mwenye karakana, Tabora

JIBU: Halijaisha, ndugu yangu, ingawa kumpeleka kijana hospitali na kukaa na wazee wake ni mambo ya kiungwana ambayo waajiri wengi hawayafanyi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 haimruhusu mfanyakazi kuuza wala kusamehe fidia yake kwa makubaliano ya pembeni. Kwa hiyo karatasi hiyo, hata ikiwa na sahihi za wazee wote wa mtaa, haitakukinga siku kijana atakapoamua kudai.

Kukosekana kwa mkataba wa maandishi hakubadilishi kitu. Kama anafika asubuhi kwa amri yako, anatumia mashine zako na wewe ndiye unayemlipa, huyo ni mfanyakazi wako, hata kama mtaani anaitwa kibarua. Nako kutojisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni kosa lako wewe, si lake, na hakumwondolei haki ya kudai.

Huenda unajiuliza kama ni haki kulipa ilhali kijana mwenyewe ndiye aliyesogeza mkono. Fidia hii haitazami nani kazembea. Kinachotazamwa ni kama ajali imetokana na kazi na imetokea akiwa kazini. Hata hivyo, kama msumeno wako hauna kingio, suala hilo linabaki palepale, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakudai mashine salama, na uzembe wa mwajiri unaweza kumpa aliyeumia hoja ya kudai nyongeza.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wenye karakana wengi hujidanganya. Tuseme vijana wako wanne kwa pamoja unawalipa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Mchango wa mwajiri wa sekta binafsi, ambao Mfuko ulipoanza mwaka 2015 ulikuwa asilimia 1 ya mishahara, sasa ni asilimia 0.5, yaani shilingi 5,000 kwa mwezi, au 60,000 kwa mwaka mzima. Kwa fedha hiyo Mfuko hubeba matibabu. Humlipa aliyeumia asilimia 70 ya mshahara wake wakati hawezi kufanya kazi, kwa muda usiozidi miezi 24. Na ulemavu wa kudumu ukithibitishwa na daktari, hulipa kwa mkupuo ikiwa hauzidi asilimia 30, au pensheni ya kila mwezi ukizidi hapo. Kijana wa shilingi 250,000 angekuwa anapata 175,000 kwa mwezi akiwa nyumbani, bila wewe kuuza mbao hata moja ili umtunze. Hizo 500,000 mlizokubaliana zingelipa michango yako kwa zaidi ya miaka minane.

Ushauri wangu ni kwamba uende Ofisi ya Kazi ya mkoa wiki hii, ujisajili, na utoe taarifa ya ajali bila kuficha tarehe. Mwajiri hupewa siku saba tu tangu apate habari, nawe umeshachelewa. Kijana naye ana miezi 12 ya kuwasilisha dai lake. Utadaiwa malimbikizo pamoja na adhabu ya ucheleweshaji, jambo litakalouma. Chukua stakabadhi za hospitali na daftari la mishahara lenye sahihi zao. Kama daftari huna, lianzishe leo, kwa sababu fidia hukokotolewa kutokana na mshahara unaoweza kuthibitishwa, na mshahara wa mkononi usioandikwa humpunja aliyeumia.

SWALI: Mimi ni karani wa duka la pembejeo Urambo. Kila mwezi bosi wangu hunikata shilingi 1,500 akisema ni mchango wangu wa fidia ya ajali kazini. Ni sawa?
Karani, Urambo

JIBU: Si sawa hata kidogo. Mchango huo ni wa mwajiri peke yake, na sheria haimruhusu kuutoa katika mshahara wako. Mwombe kwa adabu akurudishie. Akikataa, peleka hati zako za mishahara Ofisi ya Kazi, na ukiwa huko uulize pia kama fedha hizo ziliwahi kufika kwenye Mfuko.