Mwandikie Mfiwa, Usiuandikie Msiba

Swali la wiki hii lilikuwa: umwandikie nini mfiwa, wakati wengine wote wameshamwandikia "pole kwa msiba"? Jibu langu ni kwamba umtaje marehemu kwa jina, kisha useme jambo moja lake ulilolishuhudia wewe.

Barua nyingi za rambirambi zina "pigo kubwa" na "pengo lisilozibika", ila marehemu hayumo. Futa jina lake, weka la mwingine, barua bado inafaa. Sasa soma hii: "Kila baba yako aliponirudishia kitabu, nilikuta karatasi ndani, kaandika kurasa alizobishana nazo." Huenda mtoto wa marehemu hakulijua hilo.

Aliyemuuguza mzazi miaka mingi, usiwe wa kwanza kumwambia kwamba mgonjwa amepumzika. Pengine naye kapumua, na hilo ndilo linalomtesa. Mwambie ulivyoona alivyomhudumia. Kama marehemu alijiua, usiulize ilikuwaje wala usilikwepe jina lake kama kwamba ni aibu. Andika habari za maisha yake, kama ambavyo ungefanya kwa marehemu mwingine yeyote.

Mimba iliyoharibika ndiyo inayowashinda wengi. Wanaandika, "Bado vijana, mtapata mwingine." Wazazi hawamlilii mwingine, wanamlilia huyu. Kama walishampa jina, litumie; kama hujui, "mtoto wenu" inatosha. Na mwandikie baba pia. Mara nyingi yeye hugeuzwa tarishi wa kupeleka pole kwa mkewe, na hakuna anayemuuliza hali yake.

Aliyeachana na mwenzake naye anastahili barua, fupi, isiyomsema vibaya mtu. Wanaweza kurudiana wiki ijayo, na barua yako bado ipo kabatini.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kupima msiba wa mtu kwa misiba mikubwa zaidi. Si jambo jipya. Mwaka 45 KK, Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale, alipofiwa na binti yake Tullia, rafiki yake Servius Sulpicius alimwandikia habari za miji iliyokuwa magofu aliyoiona akiwa safarini: ikiwa miji mizima imekufa, ya nini kuhuzunika kiasi hicho kwa ajili ya mwanamke mmoja? Cicero alimshukuru, kisha akaeleza kwa nini faraja ile haikumtosha. Mimi ningemjibu kwa adabu kidogo kuliko hiyo.

"Ukihitaji chochote niambie" nayo iache, maana inampa mfiwa kazi ya kutafuta cha kuomba. Andika, "Jumamosi asubuhi nitakuja kufua," halafu uende. Ukichelewa kuandika hata miezi mitatu, tuma tu bila kujitetea aya nzima. Na mwambie si lazima ajibu, kisha usimpigie kesho yake kuuliza kama barua imefika.