Barua kwa Mwanangu: Khanga ya Bibi Ikate Tu

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho kwa sauti ili baba yako naye asikie. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, kama ile nyota ya viraka iliyotundikwa sebuleni unaweza kuishona upya ikawa ya kisasa, ukamfanyia mtoto mfarishi, lile tandiko la tabaka tatu zilizoshonwa pamoja, kabla hajazaliwa. La pili, kama ni vibaya kuikata khanga ya marehemu bibi yako kwa kazi hiyo. Baba yako alijibu kabla sijaweka simu chini: "Asiiguse." Mimi nasema ikate. Nimeona niandike, maana kwenye simu unaniwahi maneno, na nikifika penye vipimo ndipo mtandao unapokatika.

Nianze na khanga. Bibi yako aliniachia mbili. Nilizikunja vizuri nikaziweka kwenye sanduku la bati pamoja na dawa ya nondo, nikajiona mkwe mwema. Ilipita miaka mingi sijalifungua. Siku nilipolifungua, ile ya chini ilikuwa imeshika kutu ya sanduku, madoa ya rangi ya chai yametapakaa mji mzima, yaani sehemu yake yote ya kati, na kwenye mikunjo ilikuwa inachanika kama karatasi iliyolowa. Baba yako nilimwambia nimempa shangazi yako. Uongo huo upo mpaka leo, kwa hiyo barua hii usimsomee. Iliyosalia ndiyo hii ninayokutumia, na sitaki irudi sandukuni.

Tena anayesema khanga haikatwi wala haiungwi, mwambie aulizie ilikotoka. Husimuliwa kwamba karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wananunua leso zikiwa bado kwenye jora, wanakata sita kwa pamoja, wanazigawa tatu tatu na kuziunga upande kwa upande, wanapata nguo moja ya kujifunga. Hata jina la leso limebaki. Sasa wewe ukiunga vipande umekosa nini?

Nyota yenyewe nilifundishwa shuleni kwenye sayansi kimu, na mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani. Alisema kwao inaitwa nyota ya meno ya msumeno, kwa sababu ncha zake nane zimechongoka mbili mbili kila upande. Wanawake wa huko wameishona vizazi na vizazi. Alitusimulia pia habari za Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, ambao nyota yao ni moja kubwa ya vipande vya umbo la almasi. Mifarishi hiyo ilikuja kushika nafasi ya ngozi za nyati, na hadi leo hutolewa kwa heshima, mtoto akizaliwa na mtu akifa. Nyota hiyo ya almasi usianze nayo. Niliijaribu mwaka nilioolewa. Vipande vyake vina kingo za mshazari, na kitambaa cha mshazari ukikishika tu kinavutika, ukikipiga pasi kinavutika zaidi. Nilipomaliza, katikati palikuwa pamevimba kama kichuguu. Ndiyo ile inayofunika cherehani yangu, uliyokuwa unaiita kofia.

Kuhusu usasa: ile ya ukutani ina nyota kumi na sita, kila moja sentimita 24, kila moja na rangi zake, na mpaka wa maua juu yake. Siku zile ndivyo tulivyoona uzuri, kitu kijae. Wewe chukua nyota moja tu, uikuze mpaka ienee mfarishi mzima, sentimita 96 kwa 96, na kuizunguka pabaki pakavu, rangi moja bila ua hata moja. Mchoro ni uleule, hujaubadilisha kitu. Ukitaka kuchokoza kidogo, ncha saba ziwe kijani cha majani ya chai na ya nane iwe ya haradali. Watu watadhani umeishiwa kitambaa, waache.

Hapo pakavu nakushauri ununue marekani, ile isiyopaushwa, yenye rangi ya maziwa yaliyochemka. Unajua kwa nini inaitwa hivyo? Karne hiyohiyo ya 19 meli za Marekani zilikuwa zinaileta Unguja, watu wakaiita kwa jina la ilikotoka. Nyota yao juu ya kitambaa chenye jina lao, nami nimependa. Ila bafta nyeupe usinunue hata ukipewa kwa nusu bei. Mama mkwe wako akiiona kwa mtoto mchanga hatasema kitu, lakini usiku hatalala, atakuwa anafikiria sanda.

Nunua mita moja na nusu ya marekani, na mita moja ya kijani, hasa kama imejaa wanga, kwa sababu itarudi ikifuliwa. Fua vyote kabla ya kukata. Chochote chekundu au cha buluu iliyokolea, chovya kona yake kwenye maji ya moto uikamue ndani ya kitambaa cheupe. Kikitoa rangi mara ya pili, kiache. Chumvi wanayosema watu, mimi sikuona ikisaidia.

Vipimo ni hivi, na nafasi ya mshono ni robo tatu ya sentimita kila upande, nimeshaijumlisha. Kitovu cha nyota ni mraba mmoja wa sentimita 49.5, huo ukate kwenye kitenge changu cha kijani nilichokitia kwenye mfuko ninaokutumia. Marekani utakata mistatili minne ya 49.5 kwa 25.5 na miraba minne ya 25.5 ya pembeni. Kijani, miraba minane ya 25.5, ambayo ndiyo itazaa ncha. Usikate kwa kukisia na futi ya kitambaa. Kata kartoni la boksi kwa vipimo hivyo, lipige chaki kuzunguka, ndipo ushike mkasi.

Sasa pa kutulia ni hapa. Laza mstatili wa marekani, uweke mraba wa kijani kwenye pembe yake moja, uso kwa uso. Piga mstari wa chaki kwenye mraba, kona hadi kona, uanzie pembe ya juu ya nje ushuke hadi katikati ya upande wa chini. Shona juu ya mstari huo, kisha kata ile pembe ya ziada ukibakiza robo tatu ya sentimita, fungua kijani kiangalie nje, piga pasi. Fanya hivyohivyo pembe ya pili. Mraba wa pili utaupanda wa kwanza kwa sentimita moja na nusu pale chini, usishtuke wala usiukate ulingane, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukimaliza utaona V ya marekani, na ncha yake haigusi ukingo wa kitambaa, imeachwa juu kidogo, robo tatu ya sentimita. Hiyo nafasi ndiyo mshono unaofuata utaila. Mimi mara ya kwanza niliona kama kosa, nikaipunguza ili ncha ifike ukingoni. Niliposhona kwenye kitovu, ncha zote zikamezwa, nikapata nyota butu kama imetafunwa na ng'ombe. Nilifumua kwa wembe usiku mzima.

Vipande vinne vya V vikiwa tayari, vingine ni kuunga tu. Mstari wa juu ni mraba, V, mraba. Wa kati ni V, kitovu, V. Wa chini kama wa juu. V zote ziangalie kitovu. Pasi usiisukume huku na huku, ibonyeze na kuinua. Umeme ukikatika, ukalazimika kutumia ya mkaa, itikise kwanza nje, maana cheche moja kwenye marekani ni tundu la milele.

Nyuma ndiyo mahali pa khanga ya bibi. Khanga nyingi zina karibu mita moja na nusu kwa mita moja na sentimita 10, lakini hii imefuliwa sana, ipime mwenyewe. Unahitaji izidi uso wa mfarishi kwa sentimita tatu nne kila upande. Upana utakutosha kwa shida, urefu utazidi. Punguza kushoto na kulia sawasawa ili jina libaki katikati. Pindo la juu na la chini litaliwa kidogo ukinyoosha kingo mwishoni, lakini jina liko juu ya pindo, halitaguswa. "Wema hauozi." Bibi yako aliivaa khanga hiyo siku alipokuja kuninywesha uji nilipojifungua wewe.

Katikati ya tabaka mbili hizo weka blanketi jepesi la pamba, hata la mtumba, ulilolichemsha. Sponji na pamba nene za magodoro hapana, na hapa nisikilize vizuri. Kliniki watakwambia mtoto wa chini ya mwaka mmoja alale chali, juu ya godoro gumu, bila mito, bila mfarishi wala nguo nzito iliyolegea karibu na uso, maana vinaweza kumziba pumzi. Sisi hatukufundishwa hivyo, tulikuzika wewe kwenye mablanketi matatu na Mungu akatusaidia. Kwa hiyo huu si wa kumfunika usiku. Ni wa kutandika sakafuni akianza kugeuka, wewe ukiwa pembeni, na ukija huku Juni au Julai utamfunika nao mgongoni juu ya mbeleko, uso ukiwa wazi. Unaijua baridi ya hapa saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana nataka uwe mwepesi, mnene hautakaa mgongoni.

Tandaza khanga sakafuni uso chini, ivute iwe sawa, juu yake blanketi, juu kabisa nyota. Piga bandi, ile mishono mirefu ya muda, kwa uzi wa rangi nyingine, ukianzia katikati kwenda nje, kila kiganja kimoja. Kisha cherehani, mistari iliyonyooka, sentimita nane kutoka mmoja hadi mwingine, tena ukianzia katikati. Ukianzia pembeni kitambaa kitakusanyika kati na utalia. Kingo zifunge kwa utepe wa marekani wa sentimita sita, kama mita nne na kidogo ukiunga. Vifungo, shanga, riboni, usiweke hata kimoja. Mwambie fundi yeyote atakayejitolea kukupambia kwamba mama amekataa.

Mfuko nimeukabidhi kwenye basi la leo jioni, mwambie mkwe wangu apite Stendi ya Magufuli hapo Dar kesho asubuhi na kitambulisho chake. Ndani kuna khanga, kitenge, mkasi wangu wa zamani, ambao usikatie karatasi, na kikopo cha pini. Ziko thelathini, nimezihesabu mara mbili. Ukimaliza kushona zihesabu na wewe. Zikiwa ishirini na tisa, mtoto asilazwe juu yake mpaka uipate ya thelathini.

Mama yako