Fundi wa Darubini Anajibu: Jiwe Linaishinda Darubini

SWALI: Fundi, salaam. Mimi natengeneza simu hapa Lukaya, Uganda, na usiku napiga picha za nyota. Nimepata darubini ndogo ya lenzi, milimita 60, na stendi ya ikweta iliyotumika, ile inayozungushwa na mota kufuata nyota, yenye jiwe moja tu la mizani la kilo 5 kwenye fimbo iliyo upande wa pili wa darubini. Hata nikilisukuma jiwe hadi juu kabisa ya fimbo, nikilegeza klachi, kile kibano cha mhimili, linashuka lenyewe na darubini inapaa. Picha ya sekunde 60, nyota zote zinakuwa vistari. Jirani ananishauri nifunge betri ya pikipiki juu ya darubini ili nayo iwe nzito. Nimepima: darubini na pete zake, bamba la kuishikilia kwenye stendi na kamera ni kilo 2.6, na katikati ya uzito huo iko sentimita 18 kutoka kwenye mhimili. Jiwe likiwa juu kabisa, katikati yake iko sentimita 15. Fimbo tupu ni kilo 1, na katikati yake iko sentimita 22. Nifanyeje?

JIBU: Mdogo wangu, ahsante sana kwa kupima. Wengi huniandikia kwamba kitu "ni kizito kidogo" na mimi nabaki kukisia. Wewe umeleta namba, basi tuzifanyie kazi.

Zidisha uzito kwa umbali kila upande. Darubini: 2.6 mara 18, karibu 47. Upande wa pili, jiwe ni 5 mara 15, yaani 75, na fimbo yenyewe ni 22. Jumla 97. Jiwe na fimbo vimeizidi darubini kwa 50, sawa na kutundika kilo mbili na nusu za sukari sentimita 20 kutoka kwenye mhimili na kuiambia mota ndogo izibebe usiku kucha. Nyota zako zitaacha kuwa vistari vipi?

Watu wengi wakinunua darubini nyepesi hudhani wameepuka kazi ya mizani. Sivyo. Stendi hizi huuzwa na mawe ya kubeba darubini kubwa, na ile ndogo ndiyo inayokosa jiwe la kulingana nayo. Tena kuna jambo ambalo maelekezo yanayokuja ndani ya boksi hayalisemi, kwa sababu yameandikwa kwa watu wa latitudo ya 40 au 50. Kwao mhimili wa saa, ule unaozungushwa na mota kufuata anga, umeinuka kuelekea ncha ya anga, pale nyota zote zinapopazunguka, kwa hiyo sehemu ya uzito uliozidi inabebwa na beringi na haiusukumi mzunguko. London, kosa la mizani linausukuma mhimili kwa asilimia 62 hivi tu ya nguvu yake. Lukaya, kusini kidogo ya alama ya Ikweta ya Kayabwe, mhimili wako umelala sambamba na ardhi na kosa linausukuma kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "mizani ya kukadiria inatosha," jua aliyeandika hayuko Uganda.

Sasa betri. Kwa hesabu tupu jirani yako hajakosea, betri ya kilo mbili hivi juu ya bomba ingekaribia kusawazisha. Lakini utakuwa umeibebesha stendi karibu maradufu bila faida, na uzito ulio juu ya bomba una tabia mbaya: darubini ikilala unaona imetulia, ukiielekeza juu betri inakwenda nyuma na mhimili wa pili, ule wa mwinamo, unapoteza mizani. Hapa kwetu nyota nzuri nyingi hupita karibu na utosi, kwa hiyo utasumbuka kila usiku.

Punguza jiwe. Ukitoa 22 za fimbo kwenye 47 za darubini, zinabaki 25. Jiwe la kilo moja na robo likikaa sentimita 20 kutoka kwenye mhimili linatoa 25 kamili. Nenda kwa mkerezaji wa vyuma, Masaka wapo na Katwe ya Kampala ndiko kwao, umwambie akukatie kisahani kutoka kwenye shafti nene ya chuma chakavu: kipenyo sentimita 9, unene sentimita 2.6, tundu la katikati la kupitisha fimbo. Kama fimbo yako ni ya milimita 20, kisahani hicho kitakuwa na kilo 1.2 na ushee. Mpelekee fimbo yenyewe, usimtajie kipimo kwa mdomo, maana tundu likilegea jiwe litacheza na kila mtikisiko utauona kwenye picha. Ubavuni atoboe tundu la skrubu ya kubana, na kati ya skrubu na fimbo uweke kipande kidogo cha plastiki ngumu ili fimbo isichubuke.

Utauliza kwa nini nisikwambie ukereze cha nusu kilo ukishushe hadi mwisho wa fimbo. Uzito ulio mbali unachelewa kutulia upepo ukiupiga, na jiwe likiwa chini sana litagonga miguu ya stendi. Jiwe likae karibu kadiri linavyoweza. Na ile nati ya mwisho wa fimbo usiiondoe kamwe, hata jiwe likiwa dogo namna gani. Kilo moja na robo ikidondoka kwenye kidole cha mguu gizani ni safari ya hospitali.

Hesabu haikuhesabu kichwa cha stendi, kwa hiyo utamalizia kwa mkono. Kwanza vaa kila kitu kama unavyokwenda kupiga picha: kamera mahali pake, nyaya zimefungwa, kofia ya umande imevutwa mbele, kifuniko cha lenzi kimetolewa, fokasi imekwishapatikana. Laza fimbo, ifunge klachi ya mhimili wa saa, legeza ya mwinamo, bomba lilale. Darubini ndogo yenye kamera karibu kila mara huwa nzito nyuma, nawe utasogeza bamba mbele kwenye tandiko lake mpaka liishe. Likiisha kabla mizani haijapatikana, tafuta bamba refu zaidi. Kisha funga mwinamo, legeza mhimili wa saa, uhangaike na jiwe.

Hapa kuna mtego wa vyombo vyepesi. Grisi ndani ya beringi ni nzito, na darubini ya kilo mbili haina nguvu ya kuishinda. Unaiachia, inasimama, unasema imelingana. Unasogeza jiwe sentimita mbili, bado inasimama! Ipi ndiyo mizani? Mimi hubandika utepe mweupe kwenye fimbo. Nashusha jiwe kidogo kidogo mpaka lianze kushuka lenyewe, naweka alama ya kalamu. Kisha nalipandisha mpaka darubini ndiyo ianze kushuka, naweka alama ya pili. Mizani iko katikati ya alama hizo mbili. Fanya hivyo hivyo na bamba.

Ukishafika hapo, kuna jambo moja ambalo nililipata kwa uchungu. Mwezi wa kwanza, mwaka niliokereza jiwe langu mwenyewe hapa Jinja, nilikuwa nafuata Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Saa tatu usiku ilikuwa imefika juu, fimbo imelala kabisa, mizani imekaa hata unyoya ungeiharibu. Nikapiga picha kumi. Nilipozikuza kwenye kompyuta, kila nyota ilikuwa na pacha wake pembeni, nukta mbili ndogo zilizoshikana kama punje za mtama. Siku tatu nilishuku kamera, nikafungua lenzi, nikaifuta, nikaifunga tena. Kumbe ni meno ya gia. Kati ya jino na jino pana nafasi ndogo, na mzigo ukilingana kabisa hakuna kinachoyabana meno upande mmoja. Upepo kidogo unausukuma mhimili mbele, unarudi nyuma, nyota inaandikwa mara mbili.

Dawa yake ni kuuacha upande wa mashariki uwe mzito kidogo, ili mota iwe daima inapandisha mzigo na meno yabaki yameshikana. Nyota ikiwa bado inapanda, darubini iko magharibi ya stendi na jiwe liko mashariki: lishushe jiwe nusu sentimita. Nyota ikishavuka juu ukageuza darubini, sasa darubini ndiyo iko mashariki: lipandishe jiwe lipite alama ya mizani kwa nusu sentimita. Weka alama hizo mbili kwenye utepe ule ule, gizani utazipata kwa tochi nyekundu. Usiku uliofuata Kilimia ilitoka na nyota za duara, na ile picha iko ukutani kwangu mpaka leo.

Mwisho, upande wa kuelekeza mhimili: Lukaya iko kusini ya mstari wa Ikweta, lakini kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Ukitaka elekeza mhimili kaskazini, ukitaka kusini, bora swichi ya mota ilingane na upande uliouchagua.

SWALI: Mzee, mimi niko Soroti. Skrubu ya kushusha mhimili inagota kwenye nyuzi 12, haifiki latitudo yetu. Na fimbo inagonga mguu wa stendi. Je, niinue mguu wa kusini kwa matofali?

JIBU: Hapana mwanangu, usiinue. Mhimili ukikaribia kulala, kichwa chote cha stendi kinaning'inia upande wa kaskazini. Ukiongeza matofali kusini unaisukuma ianguke huko huko. Soroti iko nyuzi 1.7 kaskazini, kwa hiyo unahitaji kama nyuzi 10 zaidi. Mwombe seremala kabari ya mbao ngumu, ikae kati ya miguu na kichwa cha stendi, na upande wake mnene uwe kusini. Boliti ndefu ipite katikati yake.

Kuhusu fimbo, geuza miguu: miwili iangalie kaskazini, mmoja kusini, na fimbo ishuke katika uwazi kati ya ile miwili. Kama bado inagusa, jiwe lako liko chini mno, soma jibu la mwenzako wa Lukaya hapo juu. Kwenye mguu wa kusini tundika mfuko wa mchanga wa kilo tano au sita, ukaribie ardhi bila kuigusa, ili usibembee.

Nyota ya Kaskazini usiitafute, iko kwenye upeo ndani ya vumbi. Chagua nyota iliyo karibu na utosi, iangalie dakika tano. Ikihamia kaskazini au kusini kwenye kioo cha kamera, zungusha stendi kidogo kushoto au kulia, uangalie tena. Ikizidi kuhama, umezungusha upande usio wake.